Mwarobaini: Jina, Mti na Dawa



1. Utangulizi

Najua wapo kati yenu wanaojiuliza mtu wa lugha anatafuta nini chini ya mti, ilhali wenye elimu ya mimea wapo na wenye elimu ya tiba wapo. Naomba nilijibu swali hilo kwa kisa, kisha nitaingia katika mada.

Nyumbani kwa bibi yangu mzaa mama, mjini Tanga, palikuwa na mwarobaini uani. Chini yake ndipo tulipofulia nguo, ndipo wageni walipokaribishwa mkeka, na ndipo tulipochezea mchana kutwa. Mtoto akishikwa na homa, bibi alichuma majani, akayachemsha, akatunywesha huku ametubana pua. Hakuna aliyemwuliza kama mti ule ndio wenyewe. Mti ulikuwa mmoja na jina lilikuwa moja.

Miaka mingi baadaye, mpwa wangu alihamia nyanda za juu kwa ajili ya kazi. Mwanawe alipoumwa tumbo la minyoo, alipiga simu Pwani kuuliza dawa. Akajibiwa, “Chemsha mwarobaini.” Aliwauliza majirani mwarobaini uko wapi, nao wakamwonyesha. Akachuma majani na matunda, akachemsha, akamnywesha mtoto. Usiku ule mtoto alitapika na kuharisha hata akalegea. Alikimbizwa hospitali, na kwa rehema za Mungu akapona.

Nimekifikiria kisa hiki kwa muda mrefu, kwa sababu ndani yake hakuna mwongo. Jamaa wa Pwani walisema kweli, na majirani wa bara nao walisema kweli. Jina lilikuwa moja, miti ilikuwa miwili. Basi kosa lile, ukilitazama vema, ni kosa la lugha kabla ya kuwa kosa la tiba, na ndiyo maana nimethubutu kulileta katika ukumbi huu. Hoja yangu ni hii: jina la mti ni hazina ya maarifa, lakini jina peke yake haliwezi kuilinda elimu ya dawa. Sharti liandamane na maelezo, na maelezo hayo sharti yaandikwe kwa lugha ya wanaoutumia mti.

2. Jina

Kiswahili kina kawaida nzuri ya kutaja miti na matunda yake. Mnazi huzaa nazi, mwembe huzaa embe, mpera huzaa pera, mchungwa huzaa chungwa, mbuyu huzaa buyu. Ukiujua mti umelijua tunda, na ukilijua tunda huna haja ya kufundishwa jina la mti. Mwarobaini hauifuati kawaida hii. Umepokea kiambishi cha miti kama miti mingine, na wingi wake ni miarobaini kama ilivyo miembe, lakini hakuna mtu anayesema kwamba ameokota arobaini chini yake. Tunda lake halina jina la peke yake. Huitwa tunda la mwarobaini, basi. Mti huu haukupewa jina kwa kile kinacholiwa, maana kwetu hauliwi. Umepewa jina kwa hesabu.

Hesabu hiyo ni ya magonjwa. Kila mtoto wa Pwani huambiwa kwamba mti huu unatibu maradhi arobaini. Nimewahi kuwasikia watu wakijaribu kuyataja moja moja, na wengi hukwama kabla ya kufika ishirini. Wanakwama kwa kuwa wameichukua arobaini kuwa idadi, na katika Kiswahili neno hili aghalabu lina kazi nyingine. Mzazi hukaa arobaini kabla ya kutoka. Msiba hufungwa kwa arobaini. Siku za mwizi ni arobaini. Katika matumizi yote haya, arobaini ni kipimo cha ukamilifu: jambo limetimia, muda wake umefika, hakuna la kuongeza. Kwa hiyo aliyeuita mti huu mwarobaini hakuwa anatupa orodha. Alikuwa anausifu, akisema kwamba ni mti uliotimia.

Sifa haina ubaya. Ubaya huanza pale sifa inaposomwa kama cheti. Anayedhani kwamba arobaini ni idadi kamili hujiona ana haki ya kuuweka humo kila ugonjwa unaozuka, na wauzaji wa dawa za kwenye chupa barabarani wanaijua njia hiyo vizuri.

Jambo la pili kuhusu jina ni kwamba mti wenyewe ni mgeni. Asili yake ni Bara Hindi na Burma. Huko huitwa nim, neno linalotokana na nimba la Kisanskriti. Ulifika kwetu kwa njia ileile ya Bahari ya Hindi iliyoleta watu, vyombo na maneno mengi. Wazee wetu wangeweza kulichukua jina la nim kama lilivyo. Badala yake waliutazama mti, wakaona unavyotumika, wakautungia jina lao. Kwa hiyo tunapouita dawa ya asili, tukumbuke kwamba uasili wake kwetu ni wa mazoea na wa lugha. Wahenga walisema, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mgeni huyu alipewa jembe, akalima, na hata akavuka mpaka: katika baadhi ya maeneo ya Pwani, kama vile Hifadhi ya Taifa ya Saadani, mbegu zake zinazosambazwa na ndege na wanyama zimeufanya uote mwituni na kuisonga miti ya wenyeji.

3. Mti

Tuutazame sasa mti wenyewe. Wataalamu wa mimea huuita Azadirachta indica, nao ni wa familia ya Meliaceae, familia ileile ya mkangazi. Kwa kawaida hufikia urefu wa mita 15 hadi 20, na penye hali nzuri huweza kufika mita 30. Shina lake ni fupi na lililonyooka, gome lake limepasukapasuka, na matawi yake hutanda na kufanya kivuli kizito cha mviringo. Mizizi yake huzama sana ardhini, na kwa sababu hiyo hustahimili ukame. Huridhika na mvua ya milimita 400 hadi 1,200 kwa mwaka, na hubaki kijani mwaka mzima isipokuwa ukame ukizidi. Hauvumilii baridi kali wala maji yaliyotuama. Kwa hiyo makao yake yanayoufaa zaidi ni nyanda za chini zenye joto.

Jani lake ni jani ambatani. Maana yake ni kwamba kile ambacho mtu wa kawaida hukiona kama kijitawi chenye majani mengi, kwa hakika ni jani moja lenye urefu wa sentimita 20 hadi 40, lililogawanyika mara moja tu katika vijani vilivyopangwa huku na huku ya kikonyo. Kila kijani kimepinda kidogo kama mundu, kina meno ukingoni kama msumeno, na pande zake mbili hazilingani pale kinapoungana na kikonyo. Maua yake ni madogo, meupe, yenye petali tano na harufu nzuri inayosikika zaidi jioni, nayo huning’inia katika vichala. Tunda lake lina umbo la zeituni, si mviringo kamili. Likiwa bichi ni kijani, likiiva huwa la manjano. Ndani mna nyama tamutamu iliyochanganyika na uchungu, na kokwa yenye mbegu moja, mara chache mbili. Mbegu hizo hazikai. Zisipopandwa katika majuma machache baada ya kuokotwa, nyingi hazioti tena.

4. Ndugu yake

Mti alioonyeshwa mpwa wangu ulikuwa Melia azedarach, ambao Tanzania huitwa pia mmelia. Nao ni wa familia hiyohiyo, nao asili yake ni Asia, na ulipandwa sana katika miji na mashamba ya bara kwa ajili ya kivuli, nguzo na kuni. Hustahimili baridi kuliko mwarobaini wa Pwani. Ndiyo sababu watu wa nyanda za juu, waliousikia mwarobaini kwa sifa tu, waliuona huu wenye sura ya kufanana wakaupa jina hilo. Wapo wanaotofautisha kwa kuuita ule wa Pwani mwarobaini kamili, na zipo orodha za miti zinazoutaja pia kwa jina la mkilifi. Lakini katika mazungumzo ya kila siku, jina la mwarobaini huvishwa miti yote miwili.

Kuitofautisha si kazi ngumu kwa aliyeelekezwa. Jani la mmelia limegawanyika mara mbili au hata mara tatu, wakati la mwarobaini limegawanyika mara moja. Maua ya mmelia yana rangi ya zambarau hafifu, ya mwarobaini ni meupe. Tunda la mmelia ni la mviringo, na kokwa yake ni ngumu, yenye vyumba kadhaa na mbegu kadhaa. Mmelia hupukutisha majani, na matunda yake ya manjano hubaki yakining’inia kwenye matawi yaliyo uchi. Matunda hayo yana sumu kwa binadamu. Huleta kutapika, kuharisha, udhaifu wa mwili, na yakiliwa kwa wingi huweza kuzuia pumzi. Ishara nne tu, na yeyote kati yazo ingetosha kumwokoa mtoto yule na mateso ya usiku mmoja. Hazikuwa zimeandikwa mahali ambapo mama yake angeziona.

Tusidhani kwamba machanganyiko haya ni ya watu wasiosoma. Carl Linnaeus, mwasisi wa utaratibu wa majina ya kisayansi, katika kitabu chake cha mwaka 1753 aliiweka miti hii miwili katika jenasi moja, mmoja akauita Melia azedarach na mwingine Melia azadirachta. Mwenye macho mazima huhitaji kusoma mara mbili ili aone tofauti. Majina yote mawili yanatokana na Kiajemi, azad likiwa na maana ya huru na dirakht likiwa na maana ya mti. Ilikuwa hadi mwaka 1830 ndipo Adrien de Jussieu wa Ufaransa alipoutenga ule wa Kihindi katika jenasi yake yenyewe. Lakini wataalamu walipogundua tatizo, walilitatua kwa njia moja: waliandika maelezo ya kila mti, wakayaambatanisha na jina lake. Hilo ndilo ninaloomba tulifanye katika Kiswahili.

5. Dawa

Matumizi ya mwarobaini kwa watu wa Pwani ni mengi. Majani huchemshwa, maji yake yakanywewa kwa homa na minyoo. Maji hayohayo huogeshwa mwenye upele, mwenye ukurutu na mtoto wa tetekuwanga. Vijiti hutafunwa kama mswaki. Mafuta ya mbegu hupakwa kwenye ngozi. Majani makavu hutiwa katika mahindi na maharage ili kuzuia wadudu, na hufukizwa jioni kufukuza mbu.

Hapa lugha yetu inatusaidia na kutuponza kwa pamoja. Neno dawa katika Kiswahili ni pana mno. Kuna dawa ya homa, dawa ya meno, dawa ya viatu, dawa ya mbu na dawa ya wadudu wa shambani. Kwa hiyo tukisema mwarobaini ni dawa, tumesema kweli, ila bado hatujasema ni dawa ya nini. Na uchunguzi wa kisayansi unaonyesha kwamba ukweli huo hauna uzito ule ule kila mahali.

Penye ushahidi mzito zaidi ni kwa wadudu. Mwaka 1959 mtaalamu wa Kijerumani, Heinrich Schmutterer, alishuhudia nchini Sudan nzige wakivamia na kuitafuna mimea, lakini miarobaini ikabaki na majani yake. Mwaka 1968 kemikali iitwayo azadiraktini ilitengwa kutoka katika mbegu. Kemikali hii humfanya mdudu aache kula, na humzuia kujivua gamba, hivyo asikue. Umbo lake ni tata kiasi kwamba wanakemia waliokuwa wakiongozwa na Steven Ley katika Chuo Kikuu cha Cambridge walikamilisha kuiunda maabara mwaka 2007, baada ya miaka 22 ya kazi. Bibi aliyetia majani makavu katika pipa la mahindi hakulijua jina la kemikali hiyo, lakini alilijua tendo lake.

Kwa malaria mambo ni tofauti. Vitu vilivyotolewa katika mwarobaini vimeonyesha nguvu dhidi ya vimelea katika maabara, lakini maabara si mwili wa mgonjwa, na hakuna ushahidi wa kutosha wa kumfanya mtu aache dawa mseto, ambayo Tanzania ilianza kuitumia rasmi mwaka 2006, akategemea majani. Malaria isiyotibiwa ndani ya saa 24 huweza kugeuka kuwa kali na kumwua mtoto mdogo. Uchungu wa kikombe humpa mzazi imani kwamba jambo limefanyika, na kumbe saa zinapita. Aidha, mafuta ya mbegu si ya kunyweshwa watoto. Mwaka 1981 madaktari wa Malaysia waliripoti watoto wachanga waliodhurika ini na ubongo baada ya kunyweshwa mafuta hayo kwa maradhi madogo madogo. Na kwa kuwa majaribio ya wanyama yameonyesha kwamba mafuta hayo huweza kuharibu mimba, mama mjamzito hana budi kujiepusha nayo.

Kusema hivi si kumvunjia bibi heshima. Bibi alikuwa na mizani yake: alijua mti, alijua kiasi, alijua mtoto yupi apewe na yupi asipewe. Kilichotufikia sisi kwa simu ni neno moja tu, nayo mizani ikabaki uani.

6. Thamani ya kuandika

Wapo watakaosema kwamba elimu ya dawa ni ya mdomo na ikiandikwa itaibwa. Hofu hiyo ina msingi, lakini historia ya mti huu inatoa funzo la kinyume. Mwaka 1994 Ofisi ya Hataza ya Ulaya iliipa Wizara ya Kilimo ya Marekani pamoja na kampuni ya W. R. Grace haki miliki ya njia ya kuzuia ukungu wa mimea kwa mafuta ya mwarobaini. Vandana Shiva wa India pamoja na wenzake walipinga, wakisema jambo hilo lilijulikana India tangu zamani. Haki hiyo ilifutwa mwaka 2000, na rufaa ikatupwa mwaka 2005. Iliwachukua miaka kumi, kwa sababu mbele ya wanasheria haitoshi kusema sote tunajua. Lazima uonyeshe nani alijua, lini, na alifanyaje.

Funzo la pili latoka China. Tu Youyou alipokuwa akitafuta dawa ya malaria mwanzoni mwa miaka ya 1970, aliujaribu mmea wa pakanga ambao vitabu vya kale viliusifu, lakini matokeo yake hayakuwa ya kutegemewa. Aliporudi kusoma maandishi ya tabibu Ge Hong wa karne ya 4, aliona kwamba mmea ule uliloweshwa katika maji na kukamuliwa, haukuchemshwa. Akabadili njia, akaacha kutumia joto kali, na dawa ikapatikana. Mwaka 2015 alipewa Tuzo ya Nobel. Kama Ge Hong angeandika jina tu, pasi na maelezo ya namna ya kuandaa, elimu ile isingemfaa mtu miaka 1,600 baadaye.

Sisi je? Kitabu muhimu cha John Kokwaro juu ya mimea ya dawa ya Afrika Mashariki, kilichotoka mwaka 1976, kiliandikwa kwa Kiingereza. Mtaalamu hukisoma, lakini mama wa nyanda za juu hakijui. Akifungua kamusi zetu, mara nyingi hukuta kwamba mti fulani ni “mti wa aina fulani utumikao kwa dawa.” Maelezo kama hayo hayamtofautishi mti huo na miti mingine mia. Kwa mtu mwenye mtoto mgonjwa, hayo ni sawa na kutomjibu.

7. Hitimisho

Mheshimiwa Mwenyekiti, pendekezo langu ni dogo, nalo liko ndani ya uwezo wa idara zetu za Kiswahili. Kila mti wa dawa uingiao katika kamusi zetu upewe mambo matano: jina la kisayansi, ishara zinazoonekana kwa macho, mti unaochanganywa nao, matumizi yake pamoja na namna ya kuandaa, na hatari yake. Wanafunzi wetu wanaokwenda vijijini kukusanya methali na hadithi wakusanye na haya, wakiwa pamoja na wanafunzi wa elimu ya mimea, na wenye elimu hiyo watajwe kwa ridhaa yao.

Ili nisionekane natoa amri bila mfano, nimejaribu kuandika ingizo moja:

“Mwarobaini, nm (wingi: miarobaini). Azadirachta indica. Mti mrefu wa kivuli, wa kijani kibichi mwaka mzima, wenye jani lililogawanyika mara moja katika vijani vyenye meno, maua meupe na tunda la manjano lenye umbo la zeituni. Usichanganywe na mmelia, wenye jani lililogawanyika mara mbili au tatu, maua ya zambarau hafifu na tunda la mviringo lenye sumu. Majani makavu huhifadhia nafaka. Maji ya majani yaliyochemshwa huogewa kwa upele. Mafuta yake wasinyweshwe watoto wala wajawazito. Si badala ya dawa ya malaria.”

Ni maneno machache, na nina yakini wataalamu waliomo humu watayasahihisha. Nitafurahi wakifanya hivyo. Uani kwa bibi pale Tanga, mwarobaini bado umesimama, ila aliyejua kiasi cha kuchuma hayupo tena. Mpwa wangu naye amepanda wake mahali alipohamia sasa, kwenye joto. Amenieleza kwamba kabla ya kuupanda alihesabu mgawanyiko wa jani, akasubiri mti wa mbegu utoe maua, akahakikisha kwamba ni meupe.